Mtoto wa Kibokoni achague nini Gredi ya 10?

Wiki tatu zilizopita, baada ya swala ya Isha, dada yangu alinijia barazani akiwa na karatasi mkononi. "Kaka, hebu nitazamie hii, mimi kichwa chazunguka." Mwanawe yuko Gredi ya 9. Karatasi ilikuwa na orodha ndefu ya masomo yaliyopangwa matatu matatu, na kila kundi lina nambari yake. Baba mtu ameshaamua: STEM, basi. Kijana naye alikuwa ameweka alama ya kalamu ya risasi, ndogo, mahali pengine kabisa: Fasihi ya Kiswahili, Kiarabu, na Historia na Uraia.

Nikamwita. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mjomba, mimi napenda maneno." Hakuongeza.

Kwa asiye na mtoto wa umri huo, nieleze kidogo. Kundi la kwanza la mtaala wa umilisi lilifanya mtihani wa KJSEA mwishoni mwa 2025 na likaingia sekondari pevu Januari 2026. Huko kuna mikondo mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ndiyo hiyo STEM, kisha sayansi za jamii, kisha sanaa na michezo. Kiingereza, Kiswahili na Hisabati ni lazima kwa kila mtu, ingawa walio nje ya STEM wanasoma Hisabati nyepesi. Juu ya hayo mwanafunzi anachagua masomo matatu ya mkondo wake. Lengo la serikali ni kwamba asilimia 60 waende STEM, 25 sayansi za jamii na 15 sanaa na michezo.

Ndani ya hiyo asilimia 25 kuna jambo ambalo hapa Mji wa Kale tungelizungumza zaidi kuliko tunavyozungumza bei ya miraa. Chini ya 8-4-4, fasihi ilikuwa ni karatasi ya tatu tu ndani ya somo la Kiswahili: riwaya moja, tamthilia moja, hadithi fupi, na swali la shairi ambalo mwanafunzi hakuliona kabla ya siku ya mtihani. Sasa Fasihi ya Kiswahili ni somo kamili linalosimama peke yake, kwa miaka mitatu, na mtoto anaweza kuliweka pamoja na Kiarabu na Historia, au Elimu ya Dini ya Kiislamu. Mtu akiutazama mpangilio huo na akawa anaijua historia ya mji huu, ataona kwamba ni jambo la zamani limerudi kwa mlango wa nyuma. Hiyo ni karibu elimu ile ile waliyosomeshwa watu wa Mvita kabla ya shule za serikali.

Marekani siku hizi kuna shule nyingi za watoto wa umri wa miaka 12 hadi 18 zinazojiita shule za elimu ya kale. Wanasomesha Kilatini, wanasoma vitabu vya Wagiriki na Warumi, na nguzo zao ni tatu: sarufi, mantiki na balagha. Yaani kwanza uijue lugha inavyojengwa, kisha ujue hoja inavyosimama na inavyoanguka, kisha ujue kusema mbele ya watu wakakuelewa. Nilipoyasoma hayo nilicheka peke yangu. Nahau, mantiki, balagha! Maneno yenyewe tunayo tangu zamani. (Nahau kwa maana yake ya darsani, sarufi ya Kiarabu, si zile nahau za shule za "piga moyo konde".) Mtoto aliyehitimu msahafu chuoni, akawa na akili na mzazi wake hana haraka ya kumpeleka dukani, alipelekwa kwenye darsa akaanzishwa Ajrumiyya. Akifika mbali alionja Alfiyya ya Ibn Malik, beti elfu moja za sarufi zilizotungwa kwa mashairi ili zihifadhike. Na nyumbani au barazani alisikia tenzi: Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, utenzi ambao Mwana Kupona alimtungia bintiye mwaka wa 1858, mashairi ya Muyaka bin Haji. Hakuna aliyeiita elimu ya kale. Iliitwa kusoma.

Huyo Muyaka nataka kukaa naye kidogo, kwa sababu watoto wetu wanalijua jina na hawajui kitu kingine. Aliishi kuanzia 1776 hadi 1840, hapa hapa kisiwani, wakati Mazrui wanatawala Mombasa na Seyyid Said anautaka mji. Hakutunga juu ya akhera peke yake. Alitunga juu ya bei, juu ya mapenzi, juu ya marafiki waliogeuka, na juu ya vita. Alijibizana kwa mashairi na Zahidi Mngumi wa Lamu kama wanasiasa wetu wanavyojibizana leo, tofauti ni kwamba yeye alilazimika kuhesabu. Mshororo una mizani 16, minane ukwapi na minane utao, vina viwili vya kulinda, mishororo minne, na ndani ya silabi hizo 64 hoja iwe imeanza na imekwisha, na adui awe ameumia. Mpe kijana wa Gredi ya 8 kazi ya kuandika ubeti mmoja wa namna hiyo kumjibu mwenzake. Atajifunza kuchagua neno kwa saa moja kuliko kwa insha kumi za "siku nitakayoikumbuka maishani".

Na kwamba mashairi hayo tunayo ni kwa sababu ya mwalimu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Battawi, mtu wa Mombasa, aliyakusanya na kuyaeleza mwishoni mwa karne ya 19 akiwa pamoja na Mwingereza W. E. Taylor. Karatasi za Taylor ziko London, katika chuo cha SOAS. Diwani ya Muyaka ilipochapishwa, mwaka wa 1940, ilichapishwa Johannesburg. Sisemi hivi kwa kulalamika, waliohifadhi wamehifadhi. Nasema ili tujue kwamba kitabu cha mshairi wetu kimesafiri London na Afrika Kusini, na hakijaingia darasani Kuze.

Sasa rudi kwa dada yangu. Kabla ya kunijia mimi alikuwa ameshakwenda kuuliza katika shule moja hapa kisiwani, ambayo sitaitaja, kwa sababu nasikia jibu ni hilo hilo kwingine pia. Akaambiwa mpangilio huo wa masomo "upo kwenye karatasi lakini hatuutoi". Wanafunzi hawatoshi, na mwalimu wa Kiarabu hawana. Akashauriwa kijana achague Biashara, Jiografia na Dini, "hizo zina watu". Kwa heshima kabisa akaambiwa pia kwamba mtoto mwenye alama kama zake ni hasara kumtoa STEM.

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Mlango umefunguliwa kwenye mtaala, na unafungwa kwa hesabu ya vichwa. Shule haitoi somo kwa sababu wanafunzi hawaliombi. Mwanafunzi haliombi kwa sababu shule hailitoi. Na TSC haileti mwalimu pasipo na somo. Mzunguko huo ukiachwa miaka mitatu tu, hadi kundi la kwanza limalize Gredi ya 12 mwaka wa 2028, utakuwa ushakuwa desturi. Baada ya hapo mzazi akiuliza ataambiwa kwamba Pwani hakuna anayetaka fasihi.

Najua hoja ya baba mtu, na si hoja ya mjinga. Bandari inaajiri wahandisi na mafundi, haiajiri malenga. Familia yenye watoto watano kwenye vyumba viwili vya Mlango wa Papa haisomeshi mtoto kwa ajili ya pambo. Tena miaka mingi watoto wa Mji wa Kale wameachwa nyuma kwenye sayansi, na mzazi anayesema "zamu hii mwanangu hataachwa" ana haki yake. Mimi sisemi kila mtoto aende fasihi. Asilimia 25 ya mpango wa serikali wenyewe imetengwa kwa mkondo huu. Mtu anayeichukua nafasi hiyo hajamwibia mhandisi kitu.

Lakini lile neno "pambo" nalikataa. Tazama Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui. Alizaliwa 1891, akasomeshwa hapa Mombasa na Zanzibar kwa ile njia ya zamani kabisa: nahau, fikihi, tafsiri, mbele ya mashekhe. Kijana wa namna hiyo ungedhani atabaki na vitabu vyake vya manjano. Badala yake ndiye aliyeanzisha gazeti, Sahifa mwaka wa 1930, kisha Al-Islah mwaka wa 1932, akiwaandikia watu wa Pwani kwa Kiswahili juu ya kwa nini wako nyuma, kwa nini wapeleke watoto shule, na kwa nini wasiige kila kinacholetwa na meli. Baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Mwanawe, Ali Mazrui, alipata daraja la tatu katika mtihani wa Cambridge, daraja ambalo halikumfikisha Makerere. Akapata kazi ya ukarani katika MIOME, chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Kilichomtoa hapo ni hotuba. Alisema katika sherehe ya Maulidi mbele ya gavana Philip Mitchell, gavana akasikia, na njia ya kwenda kusoma Uingereza ikafunguka. Watu humkumbuka kama profesa wa Marekani. Mimi humkumbuka kama karani aliyelelewa kwenye nyumba ambapo hoja zilijibiwa kwa hoja.

Naweza kuendelea. Ahmed Sheikh Nabhany, aliyefariki hapa Mombasa mwaka wa 2017, hakuwa na shahada ya lugha. Alifunzwa ushairi na bibi yake huko Lamu. Maprofesa kutoka Ulaya walikuja kukaa mbele yake kwenye mkeka. Na neno runinga, ambalo leo hata mtangazaji wa Nairobi analitumia bila kufikiri, ni yeye aliyelitoa kwenye maneno ya kale ya kaskazini akalivisha chombo kipya. Abdilatif Abdalla alilelewa na babu yake, Ahmad Basheikh, mshairi. Akiwa na miaka 22 akaandika karatasi ya kuihoji serikali, Kenya: Twendapi?, akafungwa miaka mitatu, na kutoka jela akaja na Sauti ya Dhiki, kitabu cha mashairi ya bahari zile zile za kale, yanayosema mambo ambayo nathari ya siku zile haikuthubutu. Nduguye, Ahmad Nassir, tunaye katika Malenga wa Mvita, kitabu cha 1971 kilichohaririwa na Shihabuddin Chiraghdin, ambaye mwenyewe alikuwa mwalimu wa shule. Hawa wote ni wa mtaa mmoja, ukitaka kusema hivyo. Mji mdogo kama huu haupati watu wa namna hiyo kwa bahati.

Kuna ubaya wake pia, na nausema kwa sababu barazani huwa tunauruka. Elimu ile haikuwa ya kila mtu. Ilikuwa ya waungwana, ya nyumba zenye vitabu na wakati. Mtumwa aliyebeba maji ya nyumba hiyo hakusomeshwa balagha. Wanawake walisoma na kutunga, Mwana Kupona ni shahidi, lakini ni wanawake wa nyumba gani? Tukiirudisha elimu hii kama alama ya ukoo, ya kuulizana nani ni Mswahili wa asili na nani amekuja juzi, ni afadhali ibaki London. Uzuri wa kuipeleka shuleni ni huo: kwenye darasa la Gredi ya 10 mtoto wa Kibokoni atakaa na mtoto wa Changamwe na wa Kaloleni, na Muyaka atakuwa mgumu kwao wote sawasawa.

Maana ni mgumu. Hata kwetu. Na ugumu huo una kisa chake. Mwaka wa 1928 mkutano ulifanywa hapa Mombasa, mji wa Kimvita, ukaamua kwamba Kiswahili cha shule kiwe Kiunguja. Mimi sina ugomvi na uamuzi huo leo. Lugha moja ya vitabu ilihitajika. Lakini matokeo yake ni kwamba mtoto anayepita Ndia Kuu kila asubuhi, amesoma jina la njia hiyo tangu ajue herufi, akiandika "ndia" kwenye insha anatiwa wekundu. Akiandika "mato" kwa macho, au "nti" kwa nchi, hivyo hivyo. Halafu siku ya swali la ushairi anaulizwa atoe mifano ya lahaja katika shairi, alama mbili. Tunamfunza aione lugha ya bibi yake kama kosa kwanza, kisha kama uhuru wa mshairi. Fasihi ya Kiswahili ikisomeshwa vizuri ingeweza kulinyoosha hili: mtoto ajue kwamba kuna sanifu na kuna Kimvita, kila kimoja na mahali pake, na kwamba mashairi makubwa ya lugha hii hayakuandikwa kwa sanifu kwa sababu sanifu haikuwapo.

Wako Waafrika waliojaribu elimu ya kale ya kuazima. Malawi, Rais Kamuzu Banda alifungua shule yake, Kamuzu Academy, mwaka wa 1981, akalazimisha Kilatini na Kigiriki na akaleta walimu wazungu. Mtu aliyekuwa na fedha za nchi nzima aliamini kwamba hakuna usomi bila Julius Caesar. Sisi hatuhitaji kuazima. Vitabu viko, lugha tunaisema, na wazee wachache wanaoweza kueleza neno gumu wangali wanakaa vibarazani baada ya Alasiri. Tunachohitaji ni mwalimu mmoja kwa shule mbili tatu na wanafunzi ishirini.

Wanafunzi hao hawatatoka hewani Gredi ya 10. Hapa nadhani kosa ni letu zaidi ya la wizara. Watoto wetu wanasoma chuoni hadi wahitimu, kwa kawaida miaka 11 au 12, tunapika pilau, tunapiga picha, kisha basi. Miaka ile ile ya Gredi ya 7, 8 na 9, ambayo zamani ndiyo ilikuwa ya kuanza nahau, sasa ni ya kutokwenda popote jioni isipokuwa tyusheni na simu. Mtoto anajua kusoma herufi za Kiarabu vizuri kabisa na haelewi sentensi moja. Utenzi unaandikwa kwa herufi hizo hizo. Angeweza kuusoma kesho kama kuna mtu angempa. Kila tarehe 7 Julai, tangu UNESCO iitangaze siku ya Kiswahili, tunavaa kanzu na leso, mtoto mmoja anaghani, wakubwa wanasema ile methali ya mwacha asili, na tarehe 8 mtoto huyo anarudi darasani ambapo hakuna diwani hata moja kwenye orodha ya vitabu.

Mambo mawili yanawezekana mwaka huu, kabla kundi hili la Gredi ya 9 halijafunga uchaguzi wake. Wazazi wenye watoto wanaotaka mpangilio huu wasiende mmoja mmoja kama dada yangu alivyokwenda. Waende kumi pamoja, kwa mwalimu mkuu na kwa ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, na majina yameandikwa. Shule inayosema wanafunzi hawatoshi itakuwa imejibiwa kwa hesabu yake yenyewe. Na shule mbili za kisiwani zinaweza kugawana mwalimu mmoja wa Kiarabu; kisiwa hiki unakivuka kwa miguu.

La pili tumeshalianza, kidogo. Jumamosi baada ya Alasiri tunakaa ukumbini nyumbani kwetu na watoto wa Gredi ya 7 hadi 9. Walikuja wanane mara ya kwanza, wawili wao wamevuka feri kutoka Likoni. Kitabu ni kimoja, tunatoa kopi Makadara. Jumamosi iliyopita walibishana robo saa nzima juu ya neno moja la Al-Inkishafi, na binti mmoja wa Likoni akawashinda wote kwa sababu bibi yake bado analitumia neno hilo akipika. Mpwa wangu amekasirika, anataka Jumamosi hii tuanze na Muyaka ili alipe.

Karatasi ya dada yangu ingali kwenye rafu, juu ya runinga. Baba mtu ameifuta ile alama ya kalamu ya risasi mara moja. Imerudishwa.